"Ni uzee tu": neno linalowapofusha wazazi wetu

Kila sifa njema anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, Maswahaba zake na kila mwenye kuwafuata kwa wema hadi Siku ya Malipo. Ama baada ya hayo:

Ndugu Waislamu, lipo neno fupi ambalo husikika katika nyumba zetu nyingi pindi mzazi anapoanza kulalamika kuwa haoni vizuri. Neno lenyewe ni "ni uzee tu". Husemwa kwa upole, na mara nyingi kwa nia njema ya kumliwaza. Lakini likishasemwa, mazungumzo huishia hapo. Hakuna anayeuliza haoni kwa namna gani, tangu lini, na kwa jicho lipi. Mzee naye, kwa kuchelea kuwa mzigo kwa wanawe, hunyamaza. Miezi hupita, kisha siku moja hugundulika kwamba hawezi tena kumtambua mjukuu wake mpaka aisikie sauti yake.

Makala hii inakusudia kuonyesha kuwa neno hilo halina msingi katika elimu ya tiba, na halina msingi pia katika mafundisho ya dini yetu. Na katika kulithibitisha hilo, tutatazama jambo ambalo wataalamu wa macho wamekuwa wakilichunguza katika miaka ya karibuni, nalo ni habari za ugonjwa zilizomo ndani ya chozi la mwanadamu.

Uzee na ugonjwa si kitu kimoja

Imepokewa kutoka kwa Usama bin Sharik (R.A.), katika mapokezi ya Abu Daud na Tirmidhi, kwamba Mabedui walimwendea Mtume (S.A.W.) wakamuuliza iwapo watafute tiba. Mtume akawajibu kuwa watafute, kwa sababu Mwenyezi Mungu hakuweka maradhi ila ameyawekea na dawa yake, isipokuwa jambo moja, nalo ni uzee.

Wapo wanaoishika sehemu ya mwisho ya Hadithi hii na kuiacha ya mwanzo. Husema kuwa maadamu uzee hauna dawa, basi mzee na astahimili. Huko ni kuielewa Hadithi kinyume. Kilichotajwa kuwa hakina dawa ni uzee wenyewe, yaani kupungua kwa nguvu na kuikaribia ajali. Haikusemwa kwamba kila maradhi yanayompata mtu akiwa mzee hayana dawa. Lau ingekuwa hivyo, amri ya kutafuta tiba ingewahusu vijana peke yao, na hilo halimo katika maneno ya Mtume (S.A.W.).

Macho ya wazee huingiliwa na maradhi yenye majina yanayojulikana. Upo mtoto wa jicho, ambao ni ukungu unaoifunika lenzi, na ambao huondolewa kwa upasuaji na mgonjwa akaona tena. Ipo glakoma, ambayo huharibu mshipa wa fahamu wa jicho kimyakimya, aghalabu pamoja na kupanda kwa shinikizo la ndani ya jicho. Yapo madhara ya kisukari. Na upo ugonjwa mmoja ambao katika lugha yetu haujapata jina lililoenea, nao ni kuchakaa kwa makula.

Makula ni sehemu ndogo iliyo katikati ya retina, lile pazia la nyuma ya jicho linalopokea mwanga. Kwa sehemu hiyo ndogo tunasoma, tunatunga uzi katika sindano na tunatambua sura za watu. Inapochakaa, mtu haingii gizani mara moja. Pembeni huendelea kuona, bali kile anachokikazia macho ndicho kinachotoweka. Humwona mtu amesimama mlangoni lakini uso wake hauoni. Huuona msahafu lakini neno analotaka kulisoma linakuwa na doa katikati.

Ugonjwa huu una sura mbili. Ya kwanza huitwa kavu. Katika hiyo, takataka za mafuta na protini hujikusanya chini ya retina, na nuru ya macho hupungua polepole kwa muda wa miaka. Ya pili huitwa ya majimaji. Katika hii, vijishipa vya damu visivyo imara huota chini ya makula na kuvuja, na uoni unaweza kuharibika ndani ya wiki chache. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2014 yalisema kuwa kufikia mwaka 2020 watu milioni 196 duniani wangekuwa na ugonjwa huu, na kwamba kufikia mwaka 2040 watakuwa milioni 288.

Kwa muda mrefu ilidhaniwa kuwa huu ni ugonjwa wa Wazungu. Dhana hiyo ilipungua nguvu baada ya uchunguzi uliofanywa Nakuru, nchini Kenya, mwaka 2007 na 2008, na matokeo yake kuchapishwa mwaka 2013. Miongoni mwa watu wenye umri wa miaka 50 na kuendelea, takriban 11 katika kila 100 walikutwa na dalili za mwanzo, na kiasi cha mmoja katika kila 100 walikuwa wamefikia hatua ya mwisho.

Hesabu hiyo inatufunza mambo mawili. La kwanza ni kwamba ugonjwa huu upo kwetu. La pili, ambalo ndilo jawabu la neno letu, ni kwamba walio wengi miongoni mwa watu hao wa umri huo hawakuwa nao. Ingekuwa ni uzee tu, ungewapata wote.

Habari zilizomo katika chozi

Hebu sasa tulitazame chozi. Wengi wetu tunalidhania kuwa ni maji ya chumvi. Mwaka 1922, katika hospitali ya St Mary's mjini London, tabibu Alexander Fleming alitangaza kuwa ndani ya machozi na ute wa mwili mna kitu chenye kuua baadhi ya vijidudu, akakiita laisozaimu. Ili apate machozi ya kutosha kwa majaribio yake, wenzake walikamuliwa ndimu machoni. Laisozaimu ni protini, na siyo ya pekee. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2012 ulihesabu zaidi ya protini 1,500 katika machozi ya mwanadamu. Nyingine hutoka katika tezi ya machozi, nyingine katika ngozi laini ya jicho, na nyingine huvuja kutoka katika damu. Na yote hayo yamo katika kiasi cha mikrolita saba hivi kwa kila jicho, ambacho ni chini sana ya tone moja la dawa ya macho. Ametukuka Muumba aliye mbora.

Protini ni watumishi wa mwili. Kiungo kinaposhambuliwa, baadhi ya watumishi hao huongezeka na wengine hupungua. Hapo ndipo wataalamu walipojiuliza: je, jicho linapougua kwa ndani, machozi yake hubadilika? Kuyachukua machozi si kazi ngumu. Tangu mwaka 1903 tabibu wa Kijerumani, Otto Schirmer, alieleza namna ya kuning'iniza ukanda mwembamba wa karatasi kwenye ukope wa chini ili kupima wingi wa machozi, na ukanda wa namna hiyo hutumika hadi leo. Mgonjwa hukaa nao kwa dakika tano. Hachomwi sindano wala hatolewi damu. Kisha karatasi hupelekwa maabara, na huko mitambo hupima uzito wa vipande vya protini na kuitambua kila moja, mfano wa mtu anavyotambulika kwa alama za vidole.

Mwaka 2018 watafiti wa mji wa Lublin, nchini Poland, walichapisha matokeo ya kulinganisha machozi ya wagonjwa wa makula wa sura zote mbili na ya watu wasio na ugonjwa huo. Walikuta protini ambazo hazikulingana baina ya makundi hayo. Mwaka 2022 wenzao wa jimbo la Kelantan, nchini Malaysia, walichapisha kazi yao juu ya protini moja mahususi, ile inayoiamrisha mishipa ya damu iote, na ambayo kwa kifupi huitwa VEGF. Walikuta kiwango chake katika machozi ya wagonjwa kikiwa juu kuliko katika machozi ya wasio wagonjwa. Protini hiyo ndiyo ile ile inayozuiwa na sindano zinazotumika kuutibu ugonjwa wa makula wa majimaji.

Ndugu msomaji, zingatia maana ya kazi hizi. Wazee wawili wa umri mmoja wanaweza kuwa wamekaa kwenye benchi moja, mmoja akiwa na makula nzima na mwingine imechakaa. Miaka yao ni sawa, lakini watafiti wanatafuta tofauti zao katika machozi, na wameanza kuziona. Basi kilichomo katika jicho la yule wa pili si umri wake. Ni ugonjwa wenye athari zinazoweza kupimwa, na kinachoweza kupimwa kinaweza kutafutiwa tiba.

Tusiyasubiri yasiyokuwa tayari

Hata hivyo, uadilifu unatutaka tuseme ukweli wote. Kipimo cha machozi cha kuutambua ugonjwa wa makula hakijawa kipimo cha kila siku katika hospitali. Uchunguzi wa Lublin ulihusu watu wachache, na matokeo ya namna hiyo sharti yathibitishwe kwa watu wengi, wa nchi nyingi, na sisi wa Afrika Mashariki tukiwamo, kabla ya mtu kuambiwa kuwa ni mgonjwa au si mgonjwa kwa ajili ya chozi lake. Kwa ugonjwa mwingine wa macho njia hiyo imekwisha kupitiwa. Mwaka 2013 Marekani iliruhusu kipimo cha protini ya machozi cha kusaidia kutambua ukavu wa macho. Kwa makula, safari bado inaendelea.

Kwa hiyo akitokea mtu, iwe nje ya msikiti au kwa njia ya simu, akidai kuwa anapima machozi na kuuza dawa ya kuirudisha makula iliyochakaa, msimpe fedha zenu. Na tahadharini sana na kutia macho majimaji ya mitishamba na vinginevyo visivyojulikana, kwani jicho likishaunguzwa halina badala.

Linalowezekana leo si dogo. Daktari wa macho hutia matone ya kupanua mboni, akaitazama retina kwa kifaa chake. Zipo pia mashine za kupiga picha tabaka za retina, ingawa kwetu hupatikana zaidi katika hospitali kubwa za mijini. Kwa sura ya majimaji zipo sindano zinazochomwa ndani ya jicho baada ya kutiwa ganzi, na hurudiwa kwa vipindi. Huweza kuuzuia ugonjwa usiendelee, na baadhi ya wagonjwa hurejewa na sehemu ya uoni wao, lakini kwa sharti la kuwahi. Kwa sura kavu ya hatua ya kati, utafiti mkubwa wa Marekani uliotangazwa mwaka 2001 ulionyesha kuwa mchanganyiko maalumu wa vitamini na madini ya zinki ulipunguza hatari ya kufikia hatua mbaya kwa takriban robo. Mchanganyiko huo ulirekebishwa mwaka 2013, kwa sababu kiungo chake kimoja kilihusishwa na saratani ya mapafu kwa wavutaji sigara. Kwa hiyo usinunuliwe kiholela, bali kwa ushauri wa daktari.

Na sigara yenyewe ndiyo sababu kubwa ya ugonjwa huu miongoni mwa zile zilizo katika uwezo wa mtu kuziacha. Mwenye kuitoa nyumbani mwake ameyalinda macho yake na mapafu ya watoto wake kwa pamoja.

Kanzu ya Nabii Yusuf (A.S.)

Suratu Yusuf inatusimulia habari za Nabii Yaaqub (A.S.), ambaye macho yake yaliingia weupe kwa huzuni ya kumkosa mwanawe. Tumeizoea sana habari hiyo, na pengine kwa kuizoea tumepitwa na jambo moja. Yusuf (A.S.) alipojitambulisha kwa nduguze, akiwa mtu mwenye cheo katika ardhi ya Misri, aliwasamehe. Na mara baada ya msamaha huo, jambo aliloliamuru lilihusu macho ya baba yake. Aliwaagiza waichukue kanzu yake na kuitupia usoni mwa mzee, apate kuona. Kisha ndipo alipowataka waje na jamaa zao wote.

Yaaqub (A.S.) alikuwa mzee sana wakati huo. Yusuf hakusema kuwa baba amezeeka na hayo ndiyo majaaliwa yake. Wala hakungoja baba afike ndipo amtazame. Kurejea kwa uoni ule ulikuwa muujiza, na sisi hatuna miujiza mikononi mwetu. Lakini kushughulikia macho ya mzazi, kwa haraka na kabla ya mambo mengine, hilo si muujiza. Hilo ni adabu ya mtoto mwema, na kila mmoja wetu anaiweza.

Huenda mtu akauliza, iko wapi basi nafasi ya subira? Je, Mwenyezi Mungu hakuahidi malipo makubwa kwa aliyepoteza macho? Naam, ameahidi. Katika Hadithi Qudsi aliyoipokea Bukhari kutoka kwa Anas (R.A.), mja aliyejaribiwa kwa kuondokewa na macho yake mawili kisha akasubiri, badala yake ni Pepo. Wala upofu si aibu katika Uislamu. Abdullah bin Ummi Maktum (R.A.) hakuwa akiona, naye alikuwa muadhini wa Mtume (S.A.W.), na kwa ajili yake ziliteremka aya za Suratu Abasa. Lakini subira ni ya yule aliyepatwa na mtihani. Haijuzu mtoto aifanye subira ya mzazi wake kuwa kisingizio cha kutompeleka kwa mganga. Mzazi na asubiri, na mtoto na ahangaike. Hizo ni ibada mbili za watu wawili, na moja haibatilishi nyingine.

Katika Suratul Israa, Mwenyezi Mungu (S.W.) ametuamrisha kuwafanyia wema wazazi wawili, hasa mmoja wao au wote wanapofikia uzee wakiwa kwetu. Uzee umetajwa hapo kwa jina lake. Nasi tunaugeuza uzee huo huo kuwa sababu ya kuwapuuza.

Tufanye nini?

Kwanza, tuwaulize wazazi wetu maswali yaliyo wazi. Mzee azibe jicho moja kwa kiganja, atazame mistari ya mkeka wa kuswalia au ukingo wa mlango, kisha abadilishe jicho. Mistari iliyonyooka ikionekana imepinda, au katikati pana doa, aende kwa daktari wa macho wiki hiyo hiyo na asingoje mwezi mwingine. Kupima jicho moja moja ni muhimu, kwa sababu jicho zima huficha kasoro ya mwenziwe. Tuwe macho zaidi kwa wazee waliohifadhi Qur'ani. Huketi na msahafu mbele yao wakisoma kwa ghibu, na familia ikadhani kuwa wanaona.

Pili, aliyefikisha miaka 50 na apimwe macho hata kama halalamiki, na mwenye kisukari apimwe kila mwaka. Nauli ya kumfikisha mzazi hospitali ni sadaka yenye thawabu ya kuunga udugu ndani yake.

Tatu, wasiwasi wa ibada usiwe kizuizi. Katika madhehebu ya Imam Shafii, ambayo wengi wetu katika mwambao huu tunayafuata, machozi ni tohara wala hayatengui udhu. Ama matone ya macho katika Ramadhani, Jopo la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lilipokutana Jeddah mwaka 1997 liliamua kuwa hayafunguzi. Basi asiwepo mgonjwa wa glakoma anayeacha dawa yake mwezi mzima kwa kuogopa swaumu yake, na mwenye shaka na amwulize shekhe wake.

Nne, misikiti yetu iurejee mwendo wa waliotutangulia. Sultani Qalawun alijenga hospitali yake mjini Cairo mwaka 1284 kwa mali ya wakfu, na ndani yake palikuwa na sehemu ya wagonjwa wa macho. Sisi hatuhitaji kuanza na hospitali. Msikiti unaoweza kukusanya fedha za zulia jipya unaweza pia kumwalika daktari wa macho mara moja kwa mwaka baada ya swala ya Ijumaa, akawapima wazee wa mtaa mzima. Na siku kipimo cha machozi kitakapothibitika, kwa kuwa kinahitaji ukanda wa karatasi na mkono mwepesi wa muuguzi, jamaa iliyokwisha kujizoesha kupima macho itakuwa tayari kukipokea. Isiyojizoesha itaendelea kusema lile neno lake.

Ndugu zangu, Mtume (S.A.W.) alipomlilia mwanawe Ibrahim, aliyaeleza machozi yake kuwa ni rehema. Leo wataalamu wanatuonyesha kuwa katika rehema hiyo mna pia habari. Tusingoje wazisome watu wa maabara peke yao. Mzazi anaposema haoni, hiyo ni habari tosha.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu (S.W.) awahifadhie wazazi wetu nuru ya macho yao, awaponye waliougua, awape malipo mema waliokwisha kupoteza, na atujaalie kuwa watoto wenye kuwahi kabla ya kuchelewa. Amin.

Wabillahi tawfiiq.